Udi wa Ulaya, kinanda cha Dubai au maiki ya Kariakoo? Njia tatu za kununua vyombo vya muziki ukiwa Unguja au Pemba

Kijana mmoja wa Wete alinipigia simu juzi baada ya Isha. Kikundi chao cha taarab kimeweka fedha za harusi za miezi saba, hawakugawana hata senti, na sasa wanataka udi mmoja (ala ya nyuzi, si ule wa kufukiza), kinanda kimoja, maiki mbili na nyuzi za akiba. Ameziona bei za duka moja kubwa la mtandaoni la Ujerumani, akazilinganisha na alizotajiwa Dar, akaona tofauti ya kuvutia. "Maalim," akaniambia, "kwa nini tusiagize vyote huko tukapumzika?"

Nilimwomba siku mbili nimwandikie, kwa sababu vitu vyake ni vinne na jibu langu si moja kwa vyote. Haya ndiyo niliyomwandikia, nimeyapanua kidogo kwa wengine waliokwama pale pale.

Njia ninazozilinganisha ni tatu. Ya kwanza ni kuagiza moja kwa moja kwenye duka la mtandaoni la Ulaya, kama Thomann ya Ujerumani au Gear4music ya Uingereza, mzigo ukaletwa na kampuni ya usafirishaji hadi Unguja. Ya pili ni kununua Ghuba, Dubai au Maskati, kwa mkono wa ndugu au wakala anayekusanya mizigo ya watu. Ya tatu ni kuvuka mwenyewe kwenda soko la Kariakoo, Dar, na kurudi na chombo chako kwenye boti.

Vya kupima kabla ya kuchagua

*Bei ya kufika.* Bei unayoiona kwenye simu ni mwanzo wa hesabu tu. Forodha hutoza ushuru juu ya bei ya kitu, nauli na bima vikijumlishwa pamoja, kisha VAT ikatozwa juu ya jumla hiyo na ushuru wake. Kiwango cha kawaida cha VAT kwetu Zanzibar ni 15%, Bara 18%. Chukua kitu cha euro 300, nauli 90, bima 10: jumla 400. Tuseme ushuru ni 10%, yaani 40. VAT ya 15% juu ya 440 ni 66. Kitu cha 300 kimeshafika 506, na bado hujamlipa wakala wa forodha wala gari ya kukupelekea nyumbani. Ushuru wenyewe hutegemea aina ya kitu. Ala za muziki zimo sura ya 92 ya orodha ya forodha, lakini maiki, spika na amplifaya hazimo humo. Zimo sura ya 85, kifungu 8518. Mpelekee wakala jina la kitu na namba hiyo, akupigie hesabu kwa maandishi kabla hujatoa fedha.

*Ukaguzi.* Nani atakishika chombo na kukipiga kabla ya malipo? Wewe, mtu unayemwamini, au hakuna?

*Umeme na hewa.* Umeme wetu ni volti 230, hezi 50, na plagi zetu ni za pini tatu bapa. Hewa yetu ni ya bahari: mbao hunywa unyevu masika nzima, ngozi hulegea, gundi hulainika.

*Safari ya kurudi.* Hiki ndicho ninachokipa uzito kuliko vyote, na ndicho watu wanachokisahau. Kikija kibovu, kitarudi vipi, kwa nauli ya nani, na kitachukua muda gani? Kila nikikaa na kikundi kinachotaka kununua, naanza na swali hili. Dhamana ya miaka mitatu iliyo umbali wa ndege mbili si sawa na dhamana ya wiki moja iliyo umbali wa boti ya saa mbili.

Njia ya kwanza: duka la mtandaoni la Ulaya

Tuanze na uzuri wake, maana upo mwingi. Chaguo ni pana kuliko duka lolote utakalolikanyaga kwa miguu. Maelezo ya kila kitu yameandikwa kwa uaminifu: urefu, uzito, volti, aina ya mbao. Ukinunua maiki kwenye duka la jina unapata maiki halisi. Thomann, kwa mfano, hutoa dhamana ya miaka mitatu na siku 30 za kurudisha kitu usichokipenda. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui: bei wanayoonyeshwa Wajerumani ina VAT yao ya 19% ndani yake, na mzigo unaopelekwa nje ya Umoja wa Ulaya hautozwi kodi hiyo. Kitu cha euro 300 kinashuka hadi kama 252 ukichagua Tanzania kuwa ndipo mzigo unapokwenda. Uingereza vivyo hivyo, na kodi yao ni 20%. Basi chagua nchi kwanza, ndipo ulinganishe bei.

Sasa nauli. Kampuni za usafirishaji wa ndege hazipimi uzito peke yake. Hupima na ukubwa wa boksi, kisha hukutoza kile kilicho kikubwa. Hesabu yao ya kawaida ni urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawa kwa 5000. Boksi la udi la sentimita 100 kwa 50 kwa 35 linatoa kilo 35. Udi wenyewe na mkoba wake hauzidi kilo sita. Unalipia hewa iliyomo ndani ya boksi! Fidla kwenye boksi la 85 kwa 30 kwa 20 ni kilo kumi na kidogo. Nyuzi za udi zinaingia kwenye bahasha.

Hapo ndipo njia hii inapopendeza hasa: nyuzi. Pyramid wa Ujerumani na Aquila wa Italia wote wanatengeneza nyuzi za udi, ni nyepesi, hazivunjiki njiani, na hata zikipotea hukupoteza mtaji wa kikundi. Udi ukikosa uzi, wazee wetu walifunga mshipi wa kuvulia samaki, na ukawalia vizuri. Leo huna haja. Ila jua udi wako ni wa namna gani kabla hujaagiza. Udi wa Kiarabu huwa na urefu wa uzi wa kama sentimita 61, wa Kituruki kama 58.5. Seti ya mmoja ukiifunga kwenye mwingine kwa sauti ile ile, mkazo haukai sawa. Itakuwa ama imelegea mno ama imekaza mno. Chukua futi ya fundi cherehani, pima kutoka pale nyuzi zinapoanzia shingoni hadi kwenye daraja, uandike.

Kuhusu chombo cha mbao nitasema kwa kirefu, kwa sababu niliumia. Miaka iliyopita niliagiza udi duka la ng'ambo ambalo sina haja ya kulitaja. Uliingia nchini Aprili, katikati ya masika, ukakaa ghalani siku tisa nikihangaika na karatasi. Siku nilipoufungua tulikuwa ukumbini, mke wangu ameshika taa ya simu, mimi nakata utepe kwa kisu cha jikoni. Harufu ya mbao mpya ilitoka nzuri kabisa. Kisha nikaona nyuzi zote kumi na moja zimelala upande mmoja. Daraja, kile kibao kinachozishika nyuzi juu ya uso wa udi, lilikuwa limebanduka na kuondoka na vipande vyembamba vya mbao. Niligusa pale palipokuwa na gundi, ikanata kwenye kidole kama asali iliyokaa juani.

Duka halikunikatalia. Walisema rudisha, tutakurudishia fedha. Lakini nauli ya kurudisha ilikuwa juu yangu, na ilikaribia nusu ya bei ya udi. Niliupeleka kwa fundi wa mjini, akaurekebisha kwa wiki mbili, na mpaka leo sauti yake si ile iliyokusudiwa na aliyeutengeneza.

Nilichojifunza ni hiki. Gundi ya asili ya ala za namna hii hulainishwa na joto na unyevu, na nyuzi zilizokazwa zinavuta usiku na mchana. Ukiagiza udi, fidla au ganuni (ala ya nyuzi nyingi inayolazwa magotini), waandikie duka walegeze nyuzi kabla ya kufunga, wasizitoe kabisa, na waweke vifuko vya kunyonya unyevu ndani ya mkoba. Omba picha kabla boksi halijafungwa. Panga lifike nje ya masika, yaani usiagize Machi. Na mzigo ukifika, fungua mbele ya aliyeuleta ukirekodi kwa simu, kwa sababu bila picha hiyo ni vigumu kudai bima. Ganuni ina hatari zaidi, maana daraja lake limekalia vipande vya ngozi, na ngozi hulegea hata ndani ya nyumba, sembuse ghalani.

Umeme: vifaa vya Ulaya ni vya volti 230 kama vyetu, plagi tu ndiyo tofauti, na kibadilishi kinauzwa Darajani. Vya Marekani ni volti 120. Soma kibandiko cha adapta. Kikiandikwa 100–240 huna shaka, kikiandikwa 120 peke yake usikichomeke ukutani. Na maiki zisizo na waya nisingeziagiza mbali. Kila nchi hugawa masafa yake ya redio kivyake, hapa msimamizi ni TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na mtindo uliotengenezwa kwa masafa ya Ulaya unaweza kukuletea matatizo.

(Nikitoka nje ya njia kidogo: klarineti na obo za Ulaya nyingi huchongwa kwa mpingo, na mpingo ni mti wa kwetu Tanzania. Jamii hiyo ya miti, pamoja na mbao zinazotumika kwenye magitaa, iliwekewa masharti ya biashara ya kimataifa mwaka 2017, lakini ala zilizokwisha kutengenezwa zilisamehewa Novemba 2019. Inayobaki na masharti makali ni ile mbao ya Brazili iliyo kwenye magitaa ya zamani. Ukinunua gitaa kuukuu, uliza.)

*Inamfaa nani:* anayetaka nyuzi, vipuri, vifaa vya kurekodia vidogo na vya thamani, au kitu mahsusi kisichopatikana kokote karibu; mwenye kadi ya benki iliyofunguliwa kwa manunuzi ya mtandaoni; na mwenye nafasi ya kusubiri bila harusi kumwekea kisu shingoni.

Njia ya pili: Ghuba, kwa mkono wa mtu

Hii ni njia yetu ya tangu na tangu. Taarab yenyewe ilikuja kwa bahari. Sultan Barghash ndiye aliyemtuma mtu Cairo kujifunza ganuni. Leo karibu kila nyumba Unguja na Pemba ina mtu Maskati au Dubai, na wakala wa mizigo wanajulikana kwa majina.

Bei ya kufika mara nyingi hupendeza kwa vitu vikubwa, kwa sababu wanaokusanya mizigo kwa meli hutoza kwa ujazo wa kontena, na nauli ya bahari ni nyepesi kuliko ya ndege. VAT ya Imarati na ya Omani ni 5%. Lakini uliza wakala swali moja bila haya: bei yako ina ushuru ndani au haina? Nimewaona watu wakilipishwa mara ya pili bandarini Malindi, Unguja, kwa sababu walielewana kwa mdomo. Na kama ndugu anakuja nacho kwenye ndege, mizigo ya abiria nayo hukaguliwa, kwa hiyo risiti iwe mkononi mwake, si kwenye WhatsApp ya mtu aliyebaki Dubai.

Kwa upande wa umeme hapa ndipo raha: volti zinakaribiana na zetu, plagi ni za pini tatu kama zetu. Na kwa kinanda Ghuba wana jambo la ziada. Vinanda vinavyouzwa kule kwa wanamuziki wa Kiarabu, kama Yamaha za herufi A (PSR-A350, PSR-A5000), vina robo toni (sauti zilizo katikati ya noti mbili za kawaida) na midundo ya Kiarabu ndani yake. Mpiga kinanda wa taarab akikosa robo toni, kuna maqam (ngazi za sauti za Kiarabu) atazipita pembeni kila siku. Mtu anayekununulia kinanda cha kawaida kwa sababu ni rahisi kidogo amekuokoa fedha na kukunyima sauti.

Ukaguzi unategemea nani anakwenda dukani. Shemeji asiyejua do wala re atarudi na kile muuzaji alichotaka kukiuza. Mpigie simu ya video akiwa pale pale, mwambie abonyeze kila kitufe, aguse kila ufunguo mmoja mmoja kutoka chini hadi juu, akuonyeshe kibandiko cha nyuma. Kwa udi, mwambie ageuze uso wake kwenye mwanga autazame ubavuni, kama ubao umezama chini ya nyuzi utaona kivuli chake.

Safari ya kurudi hapa iko katikati. Kasoro ikionekana kabla mzigo haujapakiwa, ndugu anarudi dukani jioni ile ile. Ikionekana baada ya kufika Malindi, umechelewa; dhamana ya duka la Dubai kwa kawaida ni ya pale Dubai.

*Inamfaa nani:* anayenunua kinanda, spika au miksa, ana mtu mwaminifu kule, na ratiba yake inaweza kusubiri meli wiki kadhaa. Asiye na mtu, akategemea wakala aliyemwona mtandaoni tu, aanze na kitu kidogo.

Njia ya tatu: Kariakoo

Unapanda boti ya asubuhi, adhuhuri uko dukani, jioni unarudi. Kitu unakishika, unakichomeka, unakipiga kwa sauti ya juu mpaka mwenye duka anakukonyeza upunguze. Ushuru umeshalipwa, bei uliyoiona ndiyo, na ukiomba risiti ya mashine ya kodi (EFD) unaiweka vizuri, kwa sababu itakusaidia ukiulizwa bandarini wakati wa kurudi.

Udhaifu wake ni uchache wa chaguo na wingi wa vya bandia. Udi mzuri na ganuni si bidhaa za kule. Ukiukuta umekuta bahati. Maiki ndizo zinazoigwa zaidi. Shure SM58, maiki inayojulikana duniani kote tangu 1966, ina mfano wake wa bandia unaofanana nayo hadi kwenye boksi. Mimi hutumia kipimo kimoja: maiki halisi ina uzito wa gramu 298. Mwombe mwenye duka la jirani mizani yake ya sukari, uiweke juu yake. Za bandia nilizowahi kushika zilikuwa nyepesi, wazi kabisa. Kisha iunganishe na uitikise kwa mkono. Sauti ya kushikwashikwa isiwe kubwa kuliko ya kuimba.

Safari ya kurudi ni nauli ya boti. Hilo peke yake, kwa kikundi kinachopiga kila wiki, linaweza kufidia tofauti ya bei.

*Inamfaa nani:* mwenye shughuli karibu, asiyeweza kusubiri. Anayenunua spika, nyaya, stendi, magitaa ya kujifunzia, ngoma za skuli. Na anayetaka fundi wa kurudia kwake.

Kwa hali yako

Kama una harusi ndani ya wiki tatu, sahau Ulaya na meli. Nenda Kariakoo au azima kwa kikundi jirani.

Kama unanunua chombo cha mbao cha maisha yako yote, fedha si tatizo kubwa kama kosa. Mtafute anayeweza kukipiga kabla ya malipo, popote alipo. Ukilazimika kuagiza bila kukiona, agiza Julai au Agosti, nyuzi zikilegezwa, na uweke akiba ya matengenezo kando.

Kama wewe ni skuli au klabu ya vijana inayoanza, vifaa vya kwanza viwe vile vinavyotengenezeka hapa hapa. Dumbak (ngoma) na rika (tari) zenye ngozi ya plastiki hazilegei masika. Ala ya ghali inayosubiri kipuri kabatini haimfundishi mtoto yeyote.

Kama wewe ni mtu wa kurekodi, mwenye chumba kimoja na kompyuta, duka la Ulaya linakufaa sana: kadi ya sauti na hedifoni ni ndogo, zimefungwa vizuri, na uhalisi wake una maana. Nunua stebilaiza hapa kabla hazijafika.

Kama uko Pemba, ongeza safari moja kwenye kila hesabu. Uliza kwanza kama nauli uliyotajiwa inaishia Unguja au inavuka hadi Mkoani au Wete, na nani atakipokea chombo kikiteremshwa melini.

Kijana wa Wete ameamua kugawa. Nyuzi seti nne wameagiza Ujerumani, baada ya kupima udi wanaouazima sasa na kukuta ni wa sentimita 61. Kinanda atakinunua dada yake aliye Dubai, na tumeshapanga saa ya simu ya video. Maiki atakwenda Kariakoo mwenyewe. Udi bado. Hapa Unguja nazijua udi mbili zinazouzwa na wazee ambao vidole vyao vimechoka, zote zimeshapita masika zaidi ya ishirini bila kubanduka popote. Atavuka Alkhamisi, azipige zote mbili ukumbini kwangu, kisha aamue.